Vidole vya Mama Mkwe

Waitara wa Nyamwaga aliishi kwa mdomo. Alikuwa mshereheshaji. Harusi, kipaimara, mahafali ya darasa la saba, hata kikao cha kuchangia bati za kanisa, wakimwita alikuja na kipaza sauti chake mwenyewe amekiviringisha kwenye taulo, na watu walijua siku hiyo hakuna wa kurudi nyumbani mapema. Alikuwa na mbwembwe mbili zilizompa jina. Ya kwanza ni mlio wake wa kufungulia shughuli, "Wooooyeeee!", ambao aliuvuta mdomo ukiwa wazi kiasi kwamba aliyekaa mbele angeweza kumkagua magego. Ya pili ni kufungua soda kwa meno. Alisimama mbele ya maharusi, akang'ata kizibo, akakitema juu, na akina mama wakapiga vigelegele kama vile ameua simba.

Sasa taya si mali ya umma, nalo huchoka. Ilianza na mlio mdogo mbele ya sikio la kulia, ko, kila alipofungua mdomo kupokea tonge la ugali. Baadaye yakaja maumivu, yakapanda hadi kwenye panja na kushuka hadi shingoni. Asubuhi aliamka mashavu yamekaza utadhani amekesha anatafuna mfupa.

"Baba Brayan, unasaga meno usiku kucha," mkewe Precious alimwambia.

"Mimi? Mimi nikilala ni gogo."

"Gogo lenye meno."

Waitara alicheka, akabadilisha mazungumzo. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake: mkewe akianza sentensi, yeye anaimalizia, tena vibaya.

Badala ya kumsikiliza mwenye kulala naye, alisikiliza kijiji kizima. Wakamwambia ni sikio, akatia dawa ya matone mpaka mto ukanuka. Wakamwambia anayesaga meno ana minyoo, akameza vidonge vya minyoo; minyoo, kama ilikuwepo, ilikufa, lakini taya likaendelea na shughuli zake. Mwisho akaenda mnadani kwa mng'oa meno mmoja mwenye koleo na maneno mengi, akang'olewa gego zima, jeupe, halina hata doa. Jino likaenda, maumivu yakabaki.

Hapo Precious akampigia simu mama yake. Mama yake, Esta, alikuwa tabibu wa meno katika kituo cha afya, na nyumba yake ilikuwa Susuni. Precious aliweka sauti ya nje makusudi. Waitara, kwa kuwa kwao mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja wao huingia shambani kumpisha mwenzake, alitoka nje kwa heshima zote. Kisha akaenda kusimama chini ya dirisha.

"Mwambie mkwe wangu sikio lake ni zima," simu ilisema. "Na jino alilong'oa lilikuwa zima, Mungu alilaze mahali pema. Kinachomuuma ni kiungo cha taya. Hapo mbele ya sikio mfupa wa taya umekaa kwenye kishimo chake, na katikati kuna kipande cha gegedu, laini, mfano wa kigodoro. Kikihama kidogo ndiyo huo mlio. Misuli nayo imechoka kwa kusaga usiku. Hilo haliponi kwa koleo. Ale vitu laini kwa muda, uji, ndizi za kupondwa. Aache miwa na mahindi makavu. Akandwe kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Akipiga mwayo ashikilie kidevu. Na aje kituoni apimwe, atengenezewe plastiki ya kuvaa kwenye meno akilala. Atampima mwenzangu Vincent, si mimi, mila naijua. Halafu hizo soda, mwambie siku hizi kuna kifungulio."

Maelezo mazuri namna hiyo, ya bure, na yaliyonyooka. Yakapita sikio lake moja yakatokea la pili, isipokuwa neno plastiki, ambalo lilimkwama, tena vibaya.

Jumamosi iliyofuata alikuwa na harusi hapo hapo Nyamwaga. Bwana harusi alichelewa, watu wakaanza kusinzia, na Waitara akawa hana cha kuwapa. Mshereheshaji aliyeishiwa huwa kama mtu anayezama, hushika chochote. Yeye akamshika mama mkwe.

"Ndugu zangu!" alisema kwenye kipaza sauti. "Wenzenu mkioa mnapewa kuku. Mimi mama mkwe wangu anataka kunivalisha lijamu! Kama punda! Anaogopa nikilala nitamng'ata mtoto wake!"

Watu waliangua kicheko mpaka hema likatikisika. Hakucheka Precious, aliyekuwa amekaa safu ya tatu na Brayan mgongoni. Wala hakucheka shangazi yake, aliyekuja harusini kutoka Susuni na alikuwa na simu yenye salio. Habari ilifika kwa Esta kabla pilau haijapakuliwa.

Waitara aliporudi nyumbani jioni alikuta mlango umerudishiwa tu. Nguo za Precious hazipo, za mtoto hazipo, na sufuria kubwa haipo. Mwanamke akiondoka na nguo, amekasirika. Akiondoka na sufuria kubwa, ameondoka.

Tuseme wazi, alimkosa. Alijaribu kujichekesha, akawasimulia kuku kisa cha lijamu, kuku wakatawanyika. Akila peke yake mlio wa taya ulijaza chumba kizima. Usiku alilala upande wake wa kitanda kama mpangaji asiyetaka kugombana na mwenye nyumba, na asubuhi mashavu yaliuma kuliko siku zote, jambo ambalo hakulielewa. Alimpigia simu mara nyingi. Precious alipokea mara moja tu, akasema, "Umeniachia nafasi ya kusema?" na kabla Waitara hajamaliza kusema ndiyo, na kwa nini ndiyo, na tangu lini ndiyo, simu ilikuwa imekatwa.

Akamtuma baba yake mdogo, mzee Kornelio, mtu wa maneno machache na miguu mizuri. Kornelio alikwenda Susuni akarudi na uamuzi.

"Wazee wa kule wamekaa," alisema. "Hawataki mbuzi, hawataki blanketi. Wanataka uende, usimame mbele yao, useme kwa mdomo wako mwenyewe kwamba umekosa. Mdomo uliotukana ndio uombe radhi. Hakuna wa kukusemea. Usiposema, mke habanduki."

"Kusema tu?" Waitara nusura acheke. "Baba, hapo wamenipa mpira na goli halina kipa."

"Mura, kijana wangu, sema kwa ufupi. Nimekosa, nisameheni, ukae."

"Kwa ufupi kabisa," alisema Waitara, na usiku ule akaandaa hotuba inayoanzia siku baba yake alipozaliwa.

Walifika Susuni asubuhi kwa pikipiki, Waitara ndani ya suti yake ya kazi. Baba mkwe wake, mzee Stanslaus, alikuwa ameketi barazani na wazee wenzake, na katikati yao mzee Tomaso, ambaye katika ukoo ule ndiye alikuwa mkia na kichwa cha mila. Viti vilipangwa kama mahakamani. Jikoni, nyuma ya ukuta wa mabanzi, sauti ya Esta ilisikika, lakini yeye mwenyewe hakuonekana, kama inavyotakiwa. Precious alisimama mlangoni mwa jiko, akamtazama mumewe mara moja, akageuka. Moyo wa Waitara ulishuka hadi kwenye soksi.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba."

Kwa kuwa mgeni hata akiwa mshitakiwa ni mgeni, shemeji yake Amos alileta kreti ya soda. Amos alikuwa na uso wa mtu aliyelala na mpango.

"Shemeji," alisema kwa upole uliozidi kiasi, "kifungulio kimetupotea. Lakini tumesikia kwamba wewe hukihitaji."

"Amos!" Sauti ilitoka nyuma ya mabanzi. "Kifungulio kiko kabatini! Na asifungue kwa meno!"

Sasa jiweke kwenye suti ile. Wazee wote wanakutazama. Shemeji anatabasamu. Amri ya kukukataza imetoka kwa mtu yule yule uliyekuja kumwomba radhi, na mwenye akili angeona hapo kwamba radhi imeletwa kwenye sahani, achukue tu. Kornelio alimfinya paja. Waitara akachukua chupa, akaing'ata, akatema kizibo juu.

Ko!

Safari hii mlio ulisikika hadi kwenye zizi. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ujanja akijifanya ni gesi ya soda. Mzee Stanslaus akakohoa.

"Haya, mkwe. Tunakusikiliza."

Waitara alisimama. Alivuta koti. Alikuwa na nia njema, hilo nitamtetea. Alitaka kuanza pole pole, kwa unyenyekevu. Ila watu walikuwa mbele yake wameketi kwenye viti, na mwili wake ulijua kitu kimoja tu cha kufanya mbele ya watu walioketi kwenye viti.

"Wooooo..."

Mdomo ulifunguka, ukafunguka tena, na mahali fulani mbele ya masikio yote mawili kitu kikateleza. Sauti ikaisha. Mdomo ukabaki pale pale.

Walisubiri. Mshereheshaji huwa na vituo vyake, walidhani hiki ni kimojawapo. Waitara naye alisubiri, akitumaini taya litakumbuka kazi yake. Kisha mate yakaanza kudondoka kwenye tai.

"Analia," alisema mzee mmoja. "Toba imemzidi."

"Anatukejeli," alisema mwingine.

"Aaa! Aaa!" alisema Waitara.

Mzee Tomaso aliinuka taratibu, akamkagua kwa mbali kama anayekagua ng'ombe wa mahari. "Hii ni laana," alitangaza. "Amemtukana mama mkwe kwa mdomo, mdomo umefungwa ukiwa wazi. Nimewahi kusikia, sijawahi kuona."

Ikawa vurugu. Amos, ambaye tabasamu lilikuwa limemtoka, alileta kamba ya kumfungia kidevu. Kornelio, mtu wa vitendo, alikunja ngumi akapendekeza amgonge mara moja tu kutoka chini. Waitara alirudi nyuma akiwa na macho makubwa kama visahani, na hapo ndipo Esta alipotoka jikoni, mikono inadondosha maji, mkoba wa kazi begani.

"Weka ngumi chini, mzee," alimwambia Kornelio. "Ukimgonga utamvunja."

Mama mkwe ametoka, mkwe yuko mbele yake mdomo wazi, na hakuna shamba karibu la mmoja wao kuingia.

"Taya limetoka kwenye kiungo chake," Esta aliwaambia, akiwa amegeuzia uso ukuta kwa heshima. Alikunja ngumi moja akaipakata kwenye kiganja cha mkono wa pili. "Kichwa cha mfupa kinakaa humu. Amefungua mno, kikavuka ukingo, kikaangukia mbele. Sasa misuli imeshtuka, inavuta kufunga, lakini inavuta kikiwa ng'ambo. Lazima kishushwe kwanza, ndipo kirudishwe nyuma. Ni kazi ya dakika. Lakini naingiza vidole gumba mdomoni."

"Mdomoni mwa nani?" aliuliza Tomaso.

"Kwani nani mwingine yuko wazi?"

"Haiwezekani. Tangu lini mama mkwe akamshika mkwe mdomo, tena kwa ndani?"

"Basi mpakieni pikipiki mumpeleke Tarime. Barabara mnaijua. Kila shimo atalipokea kwa taya."

Waitara alipiga magoti kwenye vumbi na suti yake, akamnyooshea Tomaso mikono yote miwili. Mtu aliyezungumza mbele ya maelfu sasa alikuwa anaomba kwa nyusi. Mzee Stanslaus alimwonea huruma, lakini naye aliogopa mila, akamtazama Tomaso. Tomaso akatafakari. Mate yakaendelea kudondoka.

"Hizo unazovaa kazini ni nini?" aliuliza hatimaye.

"Glavu. Mpira."

"Mpira si ngozi." Mzee aliitikia kwa kichwa, akiwa ameanza kuvutiwa na fikra zake mwenyewe. "Vaa mbili mbili, moja juu ya nyingine. Na wasitazamane. Afungwe macho."

Precious akavua kitenge alichojitanda, akamfunga mumewe macho. Waitara alinusa sabuni na moshi na nyumba yake mwenyewe, na kama angekuwa na mdomo wa kulilia, angelia.

Wakamketisha kwenye kigoda kifupi, kichwa kimeegemea ukuta. Esta akazungushia vidole gumba kitambaa kizito juu ya glavu.

"Hiki ni kwa sababu taya likirudi hufunga kwa ghafla," aliwaeleza wazee. "Na nimeshaambiwa huyu anaweza kuning'ata."

Wazee wakatazama viatu vyao. Yeye akaanza kumkanda mashavu, taratibu, kwa kuzungusha.

"Taya lililokaza halirudi. Lazima mgonjwa alegee," alisema. "Kwa hiyo, mkwe, mimi nitaongea na wewe utalegea. Lijamu huvalishwa mnyama asiyejua anakokwenda. Wewe siku ile ulijua unakokwenda?"

Waitara akaanza kutikisa kichwa.

"Usitikise kichwa. Nilikwambia uache mahindi makavu. Uliacha?"

"Aa."

"Usijibu. Soda leo nani kafungua?"

Hakuna mtu katika wilaya nzima ya Tarime aliyewahi kumpa Waitara vidonge vyake kwa utulivu namna ile, na yeye asiweze kuweka hata neno moja katikati. Alikaa gizani nyuma ya kitenge, akasikia aibu inampanda, kisha, kwa kuwa hapakuwa na la kufanya, akaiacha ipande. Mabega yakashuka. Shavu likalainika. Esta alikuwa anangoja hilo. Vidole gumba viwili vikaingia hadi kwenye magego ya nyuma, vikakandamiza chini kwa nguvu, kidevu kikainuliwa na kusukumwa nyuma, na meno yakafunga, kop, mbele ya vidole ambavyo vilikuwa vimeshatoka.

"Ahsa..." alianza Waitara.

"Funga!" Esta alimzungushia bandeji kutoka chini ya kidevu hadi utosini, akaifunga fundo juu. "Kuanzia sasa uji, maziwa, na kimya. Mdomo usifunguke kupita upana wa kidole. Kiungo kimelegea, kikitoka tena leo kitazoea. Kituoni utakuja, Vincent akupime, plastiki utavaa. Nimemaliza."

Akavua glavu zake nne, akarudi jikoni bila kugeuka.

Wazee walipumua. Soda zikaguswa. Ndipo mzee Tomaso, ambaye hasahau kitu, akagonga fimbo chini.

"Lakini bado hajasema."

Kila mtu akamtazama Waitara na fundo lake utosini.

"Tulikubaliana aseme kwa mdomo wake mwenyewe," Tomaso aliendelea. "Daktari amesema asifungue mdomo. Basi akapone kwanza. Akipona, arudi aseme. Mke atakaa hapa mpaka siku hiyo."

Waitara alimgeukia baba mkwe, akamgeukia Kornelio. Kornelio akatikisa kichwa: hakuna wa kukusemea. Hotuba nzima ilikuwa pale nyuma ya meno, kuanzia kuzaliwa kwa baba yake, na haikuwa na pa kutokea. Aliogopa. Aliogopa kweli, kuliko alivyoogopa mdomo ulipogoma.

Precious akavuta kigoda akaketi mbele yake, magoti kwa magoti.

"Wazee, naomba nafasi," alisema. "Tangu huyu anioe sijawahi kumaliza sentensi mbele yake. Leo amefungwa bandeji. Nataka nimalize."

Hakuna aliyemzuia. Hata Tomaso aliketi.

"Baba Brayan, hukunikasirisha kwa sababu ya lijamu. Mama ametukanwa na wagonjwa wengi, amezoea. Ulinikasirisha kwa sababu nilikwambia unasaga meno, ukasema wewe ukilala ni gogo. Nikakwambia using'oe jino, ukang'oa. Nakwambia na leo, mbele ya baba yangu: unasaga. Kila usiku. Nilikuwa nakuwekea mkono shavuni, unaacha. Nikiutoa, unaanza tena. Kwa hiyo nilikuwa siutoi. Nimelala na mkono shavuni kwako mpaka unakufa ganzi, na asubuhi nasonga ugali kwa mkono mmoja, na wewe unaniuliza kwa nini ugali una mabonge. Nilitaka kukwambia. Kila nilipoanza, ukachekesha."

Waitara alipandisha mkono hadi kwenye shavu lake la kulia, juu ya bandeji, akauacha pale. Alikumbuka kila usiku aliolala peke yake, na maumivu ya kila asubuhi yaliyozidi. Maneno mengi yalimjia, mengine mazuri sana, ya kuliza watu. Aliyameza, moja moja, kama uji.

"Nimemaliza," alisema Precious, na akaonekana kushangaa kwamba kweli amemaliza.

Waitara akasogeza midomo bila kuachanisha meno.

"Nimesikia," alisema.

Mzee Tomaso akainama kumnong'oneza Stanslaus, kwa mnong'ono wa kusikika na wote. "Hilo si neno tulilokubaliana."

"Nyinyi mlikubaliana lenu," Precious alisema, akiinuka. "Mimi nilikuwa nangoja hilo." Akaingia ndani, akatoka na nguo zake, na mtoto, na sufuria kubwa.

Walipokuwa wanafunga sufuria kwenye pikipiki, kitu kikarushwa kutoka nyuma ya ukuta wa mabanzi, kikaanguka miguuni pa Waitara. Kilikuwa kifungulio cha soda, kile cha kabatini. Akakiokota, akakitia mfuko wa koti, akauinamia ukuta wa jiko kwa heshima. Alitaka sana kusema kitu. Precious akamtazama, na Waitara akanyamaza.